Koti la Mazingaombwe

Kijana mmoja anaingia maliwatoni katika karamu ya wakubwa, ananawa, anachukua koti jeusi lililotundikwa akidhani ni lake, anarudi ukumbini. Koti ni la mfanya mazingaombwe aliyealikwa kutumbuiza usiku huo. Kijana hana habari. Anamwomba bibi mmoja mwenye heshima zake wacheze dansi, na kila wanapozunguka kitu kinachomoka. Ua la kifuani linamrushia bibi maji ya uso. Sungura anachungulia. Njiwa anaruka. Mwisho panya weupe wanatambaa sakafuni na wanawake wanapiga mayowe, naye kijana bado anatabasamu kwa adabu, anashangaa watu wamepatwa na nini.

Kipande hicho kimo katika Movie Crazy, filamu ya mchekeshaji Harold Lloyd ya mwaka 1932, na jina la mwongozaji lililoandikwa mwanzoni mwake ni Clyde Bruckman. Miaka kumi baadaye Bruckman alilitoa koti lile kabatini akawavisha watu wengine, kwanza katika studio moja, kisha katika nyingine. Mwenye koti akaenda mahakamani.

Nimemchagua Bruckman makusudi. Ya Chaplin yameandikwa mpaka wino umechoka. Huyu hakuwa nyota wala tajiri, na hata filamu bora iliyobeba jina lake mwenyewe alisema haikuwa yake. Lakini ukizitazama sinema za bubu za miaka ile ya 1920 zilizobaki kuchekesha mpaka leo, kila ukigeuka unakuta amepita hapo.

Alizaliwa San Bernardino, California, mwaka 1894. Alianza kwa kalamu: aliandika habari za michezo katika magazeti, kisha karibu 1919 akaingia studio kuandika yale maneno machache yaliyokuwa yakitokea kwenye pazia katikati ya picha. Ilikuwa kazi ndogo, ila ina elimu yake. Mtu anayetakiwa kueleza ugomvi wa mume na mke kwa maneno manane hujua upesi lipi la kusema na lipi la kuwaachia mikono na nyuso.

Mwaka 1921 akajiunga na mchekeshaji Buster Keaton. Huyu alikuwa mfupi, mwepesi kama paka, na uso wake ulisifika kwa kutocheka mbele ya kamera. Alikulia jukwaani, baba yake akimrusha huku na huko mbele ya watazamaji tangu utotoni, kwa hiyo kuanguka bila kuumia alikujua kabla ya kusoma. Katika studio yake ndogo hakukuwa na hadithi iliyopigwa chapa ikapewa kila mtu nakala. Kulikuwa na chumba, moshi wa sigara, na wanaume wachache ambao kazi yao ilikuwa kutunga vituko: Bruckman, Jean Havez, Joseph Mitchell, na Keaton mwenyewe. Walitafuta mwanzo mzuri, wakatafuta mwisho mzuri, na katikati waliamini itajileta. Wakikwama walitoka nje kucheza besiboli. Mtu anaweza kuwa amesimama na kigongo mkononi anangoja mpira, ghafla mwingine kule mwisho wa uwanja anapiga kelele kwamba amepata, na mchezo unavunjika hapo hapo wote wakirudi ndani mbio.

Mara nyingine kituko kilikuja kwa bahati. Mwaka 1925 walimaliza filamu ya Seven Chances, juu ya kijana atakayerithi fedha nyingi akioa kabla ya saa moja jioni ya siku ile ile. Tangazo linatoka gazetini, mamia ya wanawake wanajitokeza na mashela, na kijana anakimbia. Filamu ikapelekwa kuonyeshwa kwa majaribio. Watu walitazama mbio zile, wakacheka kiasi, wakaanza kupoa. Kisha Keaton, akishuka mlima kwa kasi, aligonga jiwe, jiwe likagonga lingine, mawe matatu yakawa yanabingirika nyuma yake. Halikupangwa. Lakini ukumbi mzima ulishtuka, ukaketi sawasawa, na hapo filamu ikaisha. Wakarudi kazini wakatengeneza mawe ya bandia yapatayo 1,500, mengine madogo, mengine makubwa kuliko mtu, wakayamwaga mlimani. Sasa anakimbizwa na mlima wenyewe. Bruckman alikuwa mmoja wa waandishi wa filamu hiyo, kama alivyokuwa katika Our Hospitality, Sherlock Jr. na The Navigator, na funzo la mawe yale hakulisahau: kilichowahi kuwachekesha watu mara moja, usikitupe. Tutaona lilimfikisha wapi.

Ni Bruckman pia aliyemletea Keaton kitabu cha William Pittenger. Pittenger alikuwa askari wa Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, mmoja wa kikosi kilichojipenyeza Georgia mwezi Aprili 1862, kikaiba garimoshi liitwalo General abiria na wafanyakazi walipokuwa wakipata kifungua kinywa, kikakimbia nalo kwenda kaskazini kikikata nyaya za telegrafu na kuharibu njia. Kondakta akawafuata, kwanza kwa miguu. Waliokamatwa baadhi yao walinyongwa. Si kisa cha kuchekesha hata kidogo, na Keaton alikidaka mara moja, kwa sababu ndani yake aliona umbo: treni inakwenda, treni inarudi.

Walifanya badiliko moja kubwa. Katika kitabu mashujaa ni wezi wa garimoshi. Katika filamu, iliyoitwa The General, shujaa ni Johnnie Gray, dereva wa Kusini anayeibiwa. Keaton alidhani watazamaji hawatakubali kucheka wakiwatazama walioshindwa vita wakionewa tena. Yawezekana kwa biashara ya wakati ule alihesabu vizuri. Lakini Kusini ndio upande uliopigania utumwa, na filamu inapita katika Georgia ya 1862 kana kwamba jambo hilo halikuwapo. Mimi huicheka filamu hii kila ninapoiona, na kila ninapoiona hilo hunikaa kooni.

General lenyewe lilikuwa bado lipo, limewekwa kama kumbukumbu Chattanooga, na Keaton alitaka kulitumia. Wenyewe walipojua kwamba ni filamu ya vichekesho, wakakataa. Basi kampuni ikapanda mpaka Oregon, mji mdogo wa Cottage Grove, kwenye reli za kukokotea magogo zilizokuwa bado na injini za kizamani. Askari wa akiba wa jimbo hilo, wapatao 500, waliajiriwa kuwa majeshi yote mawili: walivaa buluu wakapita kutoka upande huu, wakavua, wakavaa kijivu, wakatokea upande ule.

Kuna kipande kimoja kidogo ambacho watu hukipita wakikimbilia kile cha daraja linalovunjika. Johnnie amekataliwa jeshini, mchumba amemkataa kwa sababu hiyo, naye anakwenda kuketi kwenye ule mtaimbo mrefu wa chuma unaounganisha magurudumu ya garimoshi. Ameinama, mikono magotini. Ndani ya behewa la injini mtu hajui, anafungua mvuke. Mtaimbo unapanda taratibu na Johnnie juu yake, unashuka, unapanda tena, naye hajagundua mpaka anakaribia kumezwa na kibanda cha kuhifadhia treni. Kamera imesimama tu. Dereva halisi aliyekuwa ndani alijua kwamba akizidisha mvuke kidogo magurudumu yatazunguka kwa nguvu na kumuua mtu wake. Hakuna kitu pale cha kuchekesha ambacho unaweza kukieleza kwa maneno, na ndiyo sababu kilifaa sinema isiyokuwa na maneno.

Daraja lilipigwa picha tarehe 23 Julai 1926. Lilikuwa la mbao, limejengwa juu ya mto Row kwa ajili ya siku hiyo tu. Mji ulifunga kazi, watu kwa maelfu wakaja kando ya mto na vyakula vyao. Kamera 6 ziliwekwa, kwa sababu halingerudiwa. Daraja likawashwa moto, injini halisi ikapelekwa juu yake ikiwa na sanamu ya mtu kwenye nafasi ya dereva, mbao zikakatika, chuma chote kikatumbukia mtoni na mvuke ukaruka. Inasemekana gharama ilikuwa dola 42,000, na hutajwa kuwa picha moja iliyokula fedha nyingi kuliko zote katika enzi ya filamu bubu. Kisha kamera inamgeukia jenerali wa Kaskazini aliyetoka kusema kwamba daraja litahimili. Uso wake ndio kichekesho. Garimoshi lilibaki mtoni likivutia wageni mpaka Vita Kuu ya Pili, lilipovunjwa kuwa chuma chakavu.

The General iligharimu karibu dola 750,000 na Marekani haikurudisha fedha hizo. Wahakiki wengi waliiona ndefu na haichekeshi. Keaton alipoteza uhuru wake muda mfupi baadaye: mwaka 1928 akaingia kwenye mkataba na MGM, studio iliyokuwa na nakala iliyopigwa chapa kwa kila mtu. Mwaka 1989 Maktaba ya Bunge la Marekani ilipochagua filamu 25 za kwanza za kuhifadhiwa kama urithi wa taifa, The General ilikuwamo.

Mwanzoni mwake pameandikwa waongozaji wawili, Keaton na Bruckman. Baadaye Bruckman alisema waziwazi kwamba sehemu kubwa kabisa ya hadithi zile ilikuwa ya Keaton, na kwamba yeye mara nyingine aliona haya kupokea mshahara, seuze sifa. Wapo wanaoyachukua maneno hayo kumfuta kabisa. Mimi nayasikia kama maneno ya mtu muungwana aliyekuwa amezeeka na kushindwa. Mtu akiwa mbele ya kamera, amekaa juu ya mtaimbo, lazima awepo mwingine nyuma yake anayejua kwa nini kipande kile kinachekesha na kitakoma kuchekesha lini. Jicho hilo lilithibitika alipoondoka kwa Keaton.

Mwaka 1927 Bruckman alihamia studio ya Hal Roach, ambako msimamizi Leo McCarey alikuwa ameanza kuona kwamba Stan Laurel mwembamba na Oliver Hardy mnene wanafaa kuwekwa pamoja. Bruckman aliongoza Putting Pants on Philip, ambayo Roach aliitangaza kuwa ya kwanza ya wawili hao kama jozi. Kisha ikaja The Battle of the Century.

Kumrushia mtu pai ya krimu usoni kulikuwa kumechuja. Kila studio ilikuwa imerusha, watoto walikuwa wanajua itakuja saa ngapi. Laurel akasema: basi turushe nyingi kuliko zilizowahi kurushwa na binadamu, lakini kila moja iwe na sababu yake. Wakanunua pai zipatazo 3,000 kutoka kiwanda kimoja cha Los Angeles. Hardy, aliyemkatia Laurel bima ya ajali, anadondosha ganda la ndizi njiani ili rafiki yake ateleze waokote fidia. Anateleza mtu mwingine, mchukuzi wa pai. Mchukuzi anainuka, anajifuta polepole, anachagua pai kwenye trei yake kama anayechagua tunda sokoni. Pai inayomkosa huyu inampata yule, mpita njia asiyehusika, na yule naye hakasiriki upesi. Anajifuta. Anatafakari. Anakwenda garini kuchukua yake. Ndani ya dakika chache mtaa mzima umo vitani, hata daktari wa meno. Ule utulivu kabla ya kulipiza ndio uliofanya jambo lililochuja liwe jipya. Huhitaji kujua Kiingereza wala Marekani kuuelewa. Ukiwahi kutazama wanawake wawili waungwana wakitupiana maneno ya mafumbo barazani, kila mmoja akimpa mwenzake muda wa kumaliza, umeshauelewa.

Kati ya watazamaji wa ndondi mwanzoni mwa filamu hiyo ameketi kijana wa kujazia nafasi, mnene kidogo. Anaitwa Lou Costello. Mkumbuke.

Harold Lloyd, aliyekuwa akipata fedha kuliko wachekeshaji karibu wote, ndiye aliyefuata kumchukua Bruckman: Welcome Danger ya 1929, iliyoanzwa ikiwa bubu ikamalizwa ikisema, kisha Feet First mwaka 1930, kisha ile ya koti. Sinema zilikuwa zimepata sauti na watu wa vituko walianza kuonekana wa jana. Bruckman alikuwa amezama katika pombe. Inasemwa kwamba siku nyingi za Movie Crazy Lloyd ndiye aliyeongoza mwenyewe, mwongozaji akiwa hajiwezi. Hata hivyo jina lake likabaki kwenye filamu. Safari hii uungwana ulikuwa wa mwenzake.

Alimwongoza mchekeshaji W. C. Fields katika The Fatal Glass of Beer mwaka 1933, filamu fupi ya kichaa ambamo kila Fields anapofungua mlango kutazama theluji anatupiwa theluji usoni kama kwa bakuli. Baada ya Man on the Flying Trapeze, mwaka 1935, hakuongoza tena filamu ndefu. Alikuwa na miaka 40 na kidogo. Akarudi kwenye kalamu, katika idara ya filamu fupi ya studio ya Columbia, akiwaandikia wachekeshaji Three Stooges na wengine waliolipwa kidogo kwa kazi ya haraka. Mwaka 1939 alimwandikia Keaton, naye akiwa ameporomoka, Pest from the West. Wazee wawili wakitengeneza kwa siku chache vitu ambavyo zamani wangevipa miezi.

Katika kazi ya namna hiyo mtu hana muda wa kwenda kucheza besiboli mpaka kituko kije. Bruckman akaingia ghalani. Alikuwa na kumbukumbu ya ajabu, na ghala lake lilijaa: ya Keaton, ya Roach, ya Lloyd. Mwaka 1942 koti la mazingaombwe likatokea katika Loco Boy Makes Good ya Three Stooges. Mwaka 1943 likatokea tena katika So's Your Uncle, filamu ya Universal.

Watunga vituko walikuwa wakiazimana hivyo tangu enzi za majukwaani. Kituko kilikuwa kama kisa cha Abunuwasi: anayekisimulia vizuri leo ndiye mwenyewe, na sijapata kusikia mtu akimpeleka jirani yake kortini kwa kusimulia punda wa Abunuwasi. Hata Lloyd na Keaton walijengwa juu ya vitu walivyoona kwa wengine. Lakini Lloyd alikuwa na kitu ambacho wengi wa wenzake hawakuwa nacho, nacho ni umiliki wa filamu zake mwenyewe. Kila kipande kilikuwa mali yenye hati. Na Bruckman hakuazima wazo tu la koti. Alichukua mfululizo mzima, kitu baada ya kitu, kwa mpangilio ule ule. Kampuni ya Lloyd ikashtaki studio. Mwaka 1947 mahakama ya rufaa ilithibitisha fidia ya dola 40,000 dhidi ya Universal.

Kisheria siwezi kumlaumu Lloyd. Alilipia ile kazi, na aliyelipwa alikuwa huyo huyo Bruckman. Lakini kuna kitu kigumu kumeza katika kesi ambamo mwizi na mwongozaji wa kitu kilichoibwa ni mtu mmoja. Studio zikamwogopa. Nani atampa kazi mwandishi ambaye kila ukurasa wake unaweza kuleta wakili mlangoni? Columbia iliendelea kumpa vibarua. Televisheni ilipokuja akaandikia kipindi cha Keaton, kisha kipindi cha wachekeshaji Abbott na Costello, miaka ya 1953 na 1954. Costello ni yule kijana aliyeketi kati ya watazamaji wa ndondi. Sasa alikuwa tajiri, na mwongozaji wa zamani alikuwa akimletea vituko vya 1924 vilivyofutwa vumbi.

Mapema Januari 1955 Bruckman alikwenda kwa Keaton kuazima bastola, akitoa sababu ya safari. Tarehe 4 aliingia katika mkahawa mmoja, akala, akaenda msalani, akajiua. Alikuwa na miaka 60. Keaton aliishi miaka 11 zaidi, muda wa kutosha kuona ulimwengu ukiigundua upya The General, na jina la rafiki yake likiwa juu ya pazia kando ya lake.

Pai nazo zilipotea. Kwa miongo mingi sehemu ya pili ya The Battle of the Century ilijulikana kwa vipande tu, vile alivyovichagua Robert Youngson kwa mkusanyiko wake wa 1957. Mwaka 2015 mkusanyaji na mpiga kinanda wa filamu bubu, Jon Mirsalis, alifungua kopo katika shehena ya filamu aliyoinunua, na humo ikawamo sehemu ya pili, karibu yote.

Ndani yake yumo Anita Garvin, mwigizaji aliyekuja siku hiyo wakati wa mapumziko ya chakula kutoka filamu nyingine. Anatokea kwenye kona ya mtaa, nadhifu, hajui kwamba kuna vita. Anakanyaga pai iliyoanguka, anaketi juu yake kwa kishindo. Hapigi kelele. Anajaribu kufahamu ameketi juu ya kitu gani, na wazo linalompitia usoni si zuri. Anainuka taratibu, anatazama kushoto na kulia kama kuna aliyemwona, anatikisa mguu mmoja, kidogo, kwa heshima zote, kisha anaendelea na safari yake.